Kabla Hujampa Wakala Pesa ya Dada

Majuzi, kwenye kikao cha harusi pale Ilazo, Dodoma, mwenzetu mmoja alimsifia wakala wake mpaka mwenyekiti akasahau ajenda. Kaletewa dada wa kazi mwenye sare, cheti cha mafunzo ya wiki mbili na Kiingereza cha kuhesabia vidole vya mtoto. Wakala ana ofisi yenye kiyoyozi, anatoa risiti, na ameahidi kumbadilishia dada ndani ya miezi mitatu kama hakufaa. Watu wakaanza kuandika namba. Nilinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo inanikereketa mpaka leo.

Hiyo ahadi ya miezi mitatu wanayoipenda wote ndiyo inayonitia shaka kwanza. Piga hesabu. Wakala anakula kila anapomwingiza dada kwenye nyumba. Dada akitulia miaka minne, kala mara moja tu. Basi mwezi wa nne, mshahara ukishapokelewa, bibi anaumwa kijijini. Wiki inayofuata dada yuko Kisasa kwa familia nyingine, na wakala keshalipwa upya. Wakala aliye fundi wa kazi yake hatoi ahadi ya kubadilisha. Ukimlalamikia, anakuja nyumbani, anakaa jikoni, anawasikiliza wote wawili, na mara nyingi anakuambia mwenye makosa ni wewe.

Cheti? Binti aliyelea wadogo zake kule Kibakwe hana haja nacho. Sare ni ya kuwafurahisha majirani. Na wakala mwenye simu tatu mezani usimpe pesa. Sababu siwezi kukupa, lakini usimpe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mgeni wa mambo haya halioni kamwe: simu ya kwao binti. Watu wanakagua kucha, wanauliza kama anajua kupika chapati, wanampa mtoto ambebe waone. Mimi natazama wakala anampigia nani, saa ngapi, na wapi. Tapeli anatoka nje, anarudi anasema wazazi wamekubali. Fundi anapiga mbele yako, kabla bei haijatajwa, anaweka sauti kubwa, anaamkia kwa Kigogo, mbukwa, anauliza mvua, anauliza mbuzi, anauliza mgonjwa. Ndipo anasema: mwanao yuko hapa na mwenyeji wake, zungumza naye. Anakupa simu, ananyamaza.

Hapo tega sikio. Mama aliyeridhia safari ya mwanawe atakuhoji wewe. Analala wapi? Humo ndani mna wanaume wangapi? Siku ya ibada ataruhusiwa? Mzazi anayeuliza mshahara peke yake ana deni la mtu. Anayejibu sawa, sawa, kwa kila neno, hajui binti yuko mji gani. Na binti mwenyewe mwangalie. Akizungumza na mama yake, sauti inashuka, lugha inahama, anacheka kabla hajachekeshwa. Akizungumza na mzazi wa kukodi, anasimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu.

Wa kukodi wapo. Dalali mmoja aliwahi kunipigia "baba" wa binti, eti mkulima wa Mpwapwa. Ilikuwa Januari. Nikamuuliza shamba linaendeleaje, akasema wanamalizia kuvuna mtama. Mtama, Januari! Wakati kila mwenye jembe nyanda hizi yuko kwenye palizi. Nyuma yake konda anaita Singida, Singida, wawili wa mwisho. Nikamwambia huyo baba akipanda basi aniwahishie salamu.

Bibi mmoja wa Kongwa aliyekuwa akileta mabinti mjini, marehemu sasa, hakuwa na ofisi wala risiti. Alishuka na binti kwenye basi, na kabla ya kupokea maji ya kunywa aliomba aoneshwe binti atakapolala. Akikuta godoro la sebuleni, wanageuza wote wawili, na nauli analipa mwenyewe. Nyumba moja ya mkubwa, Area C, aliinyima binti kwa sababu mlango wa chumba cha dada haukuwa na komeo kwa ndani. Komeo likafungwa, akamleta.

Enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, dada alikuja kwa kujuana. Mke wa mchungaji alizijua nyumba za mjini na alivijua vijiji. Mshahara ulikwenda kwa mkono wa konda, na karanga zikarudi kwa konda huyohuyo. Baada ya tamko la 2016 la serikali kuhamia hapa, wamekuja watumishi wasio na shangazi hata mmoja kanda hii. Alfajiri wanawahi ofisini Mtumba, na likizo ya uzazi ni siku 84 tu. Siwalaumu wakikimbilia wakala.

Ila wasikubali kila kitu. Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Wakala anayekunong'oneza kwamba wa kwake atakubali 40,000 anakuuzia mtu atakayeondoka. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mimi nakataza wa chini ya 18, na ndiyo maana nadai namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji.

Mwenye ndugu Kondoa au Manyoni amuombe ndugu, asimlipe wakala. Asiye na ndugu atumie wakala, lakini ampe nusu ya ujira binti akifika na nusu baada ya mwezi wa nne, na mshahara wa kwanza aukabidhi mkononi mwa binti. Wakala akiyakataa masharti hayo, usibishane naye. Dodoma ya leo haina uhaba wa mawakala.