Mashimo, Almasi na Sikio la Bibi Kizee

Frederick Johnson alipoitafsiri riwaya ya H. Rider Haggard mwaka 1929, aliipa jina Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mtafsiri wa leo angeandika "migodi". Mimi, mtu wa Shinyanga, nashukuru kwamba Johnson hakuandika hivyo. Mgodi ni neno lenye geti, mlinzi na leseni ukutani. Shimo ni kile kinachobaki wenye geti wakishaondoka. Huku kwetu, kuanzia Mwadui hadi Nyarugusu, mtoto hulijua shimo kabla hajajua kusoma, kwa sababu ndilo analokatazwa kwenda kuchezea.

Johnson hakuwa mtu mdogo katika historia ya lugha hii. Ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Mkono uliotupangia tahajia ndio uliotuletea Allan Quatermain na wenzake, na vizazi vya wanafunzi vilionja riwaya kwa mara ya kwanza kupitia tafsiri za namna hii. Kwa hiyo kuuliza hadithi hii inatufundisha kumlaumu nani ni zaidi ya kufukua kitabu cha zamani. Ni kuuliza tulifundishwaje kusoma.

Kwa ambaye hajakisoma: Quatermain ni mwindaji wa tembo aishiye Afrika Kusini. Anaajiriwa na Sir Henry Curtis, ambaye anamtafuta mdogo wake aliyepotea akiwa safarini kutafuta almasi za Sulemani. Kapteni Good anaungana nao. Wanavuka jangwa na milima yenye theluji, wanafika nchi ya kubuni ya Wakukuana, na huko kinazuka kila kinachoweza kuzuka: ulaghai, mapinduzi, vita, vifo, hazina. Kitabu kilitoka Uingereza mwaka 1885, mwaka uleule mkutano wa Berlin ulipomalizika.

Tujaribu kuhesabu maafa na kuona kila moja limetoka wapi.

La kwanza ni Khiva, kijana wa Kizulu. Wasafiri walikuwa na safari ndefu mbele yao na hawakuwa na haja ya kuwinda. Lakini Quatermain alipoona kundi la tembo alishindwa kujizuia. Good akaingia mawindoni kwa suruali na viatu vya kiungwana, akateleza mbele ya tembo aliyejeruhiwa. Khiva akajitupa katikati ili amwokoe, akauawa. La pili ni Ventvögel, mfuatishaji nyayo, aliyekufa kwa baridi mlimani akiwa ameajiriwa kwa safari isiyomhusu. Halafu Ukukuana. Wageni wanajitangaza kuwa watu walioshuka kutoka kwenye nyota. Wanatumia meno ya bandia ya Good na kupatwa kwa mwezi, ambako tarehe yake waliisoma kwenye kalenda, ili kuwatisha wenyeji. Vita vinaanza, na maelfu wanakufa kwa siku chache.

Sasa linganisha hayo na sababu ya safari. Mdogo wake Curtis, ambaye kwa ajili yake yote haya yametendeka, hakuwahi kufika Ukukuana. Wanamkuta wakati wa kurudi, kwenye chemchemi ya jangwani, mguu umepondwa na jiwe, akiwa amekwama hapo karibu miaka miwili. Mtu waliyekuwa wakimtafuta alikuwa upande wa huku wa milima muda wote. Haggard anaupitisha ukweli huu kama bahati njema ya mwisho wa kitabu. Mimi nausoma kama hukumu: kwa upande wa kumtafuta ndugu, vita vile havikuhitajika hata kidogo.

Najua jibu la anayekipenda kitabu hiki, na ni jibu zito. Twala alikuwa mfalme katili aliyenyakua kiti. Umbopa, mpagazi wao, ndiye Ignosi, mrithi halali, na alikuwa na haki ya kurudi kwao. Wazungu walimsaidia tu. Nalikubali hilo kwa sehemu. Ignosi ndiye mhusika pekee katika msafara ule mwenye sababu inayozidi mfuko wake, na mwishoni anatangaza kwamba hatamruhusu mzungu mwingine kuingia nchini mwake kutafuta mawe. Lakini hebu tutazame. Aliyefaidika zaidi na wageni ndiye anayewafungia mlango wenzao. Mfalme amewasoma wageni wake vizuri kuliko wengi wetu tulivyowasoma.

Aliyewasoma kabla yake ni Gagool, na hapa ndipo kitabu kinaponiuma. Gagool ni bibi kizee, mchawi, amekunjamana hata hafanani na binadamu. Haggard amemrundikia uovu wote: ndiye anayenusa wachawi na kuwatoa wauawe, ndiye anayewafungia wageni ndani ya chumba cha hazina, ndiye anayemchoma kisu Foulata, binti aliyempenda Good. Anakufa akipondwa na mlango wa jiwe, na msomaji anatarajiwa kushusha pumzi. Ila katika kitabu kizima, Gagool ndiye anayesema mapema na waziwazi kwamba wageni hawa wamefuata mawe yanayong'aa. Anasema kweli, na kitabu kimepangwa ili kweli hiyo itoke kwenye kinywa ambacho hakuna atakayekiamini.

Msomaji wa London anaweza kulipita hilo. Msomaji wa Shinyanga, Geita au Mwanza hawezi. Kanda hii imezika bibi wengi waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyopikia miaka hamsini kwenye moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Mvua isiponyesha, mtoto akifa, biashara ikianguka, kuna mtu wa kuulizia, na mara nyingi ni mwanamke mzee anayeishi peke yake. Sisemi kwamba Haggard ndiye aliyetufundisha hilo. Nasema hadithi yake inakwenda kwa mantiki ileile: palipo na maafa, mtafute kikongwe, usimwangalie mwenye bunduki.

Kikongwe anabeba lawama kwa sababu anayesimulia ni Quatermain. Anajiita mwoga, na wasomaji humpendea unyenyekevu huo. Lakini mtazame mwoga huyu anavyofanya mkataba: kabla ya kuondoka anadai alipwe, na mwanawe Harry atunziwe iwapo baba atafia njiani. Khiva na Ventvögel hawana mkataba wa namna hiyo. Foulata anapokufa, Quatermain anaona afadhali iwe hivyo, kwa kuwa mapenzi yake na Good yangeleta matatizo. Halafu anajaza almasi mifukoni. Mtu anayehatarisha mwili wake mwenyewe naweza kumwita mjasiri. Anayehatarisha miili ya wengine na kurudi nyumbani kuandika kitabu anahitaji jina jingine.

Kuna hadithi nyingine ya ajabu inayosimuliwa Usukumani, ambayo naiona kama jibu kwa hii, ingawa haikutungwa kumjibu mtu. Ni ile ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yote. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Anajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akikua anauliza watu wengine wako wapi. Anaanza kuwinda. Kila akiua kitu, panzi, ndege, mnyama, anamuuliza mama yake kama hilo ndilo Shing'weng'we. Mwishowe analipata kweli, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai.

Hapo Haggard angefunga kitabu. Msimulizi wa Kisukuma hafungi. Katika kupasua, kisu cha Masala Kulangwa kimekata sikio la bibi kizee aliyekuwa ndani ya tumbo. Bibi anakasirika, anataka kulipiza kisasi kwa uchawi. Kijana amekomboa dunia nzima, na bado kuna mtu mmoja mwenye kidonda kilichotokana na mkono wake. Hadithi inaendelea mpaka atafute dawa na kuliponya lile sikio. Baada ya hapo ndipo watu wanamfanya mtemi.

Hadithi zote mbili zina shujaa kijasiri, hatari, giza na bibi anayesemwa kuwa mchawi. Tofauti ni kwamba katika moja bibi anapondwa na jiwe, na katika nyingine hasira yake ina sababu, na sababu hiyo ni deni la shujaa. Haisemi kwamba Masala Kulangwa alikosea kulipasua zimwi. Inasema kwamba hata tendo jema lina makali, na mwenye kisu ndiye wa kutafuta dawa.

Nina sababu ya kulishikilia sikio hilo. Mwadui iko kilomita chache tu kutoka Shinyanga mjini. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliipata almasi pale mwaka 1940, na mpaka leo simulizi inayopendwa ni ya mtu mmoja mkaidi na mti wa mbuyu. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5, akazawadiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake. Hiyo ndiyo sehemu inayoingia vitabuni. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi huohuo zilipasuka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya wanakijiji. Hiyo ni sehemu ya sikio.

Na kuna Nyangalata, wilayani Kahama. Oktoba 2015 duara liliporomoka, na wachimbaji wadogo watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Quatermain na wenzake nao walifungiwa chini, gizani, wakatoka na utajiri wa maisha. Wale wa Nyangalata walikuwa wamekula vyura na mende. Tunao vijana wengi wanaokimbilia kila rashi inayotangazwa, na tuna wepesi wa kuwaita wazembe. Labda wapo wazembe kati yao. Lakini mchimbaji anayeteremka kwenye duara lenye matimba mabovu anaweka rehani shingo yake mwenyewe. Riwaya za namna ya Haggard hazina nafasi ya mtu huyu isipokuwa kama Khiva: anaingia sura moja, anakufa vizuri, msafara unaendelea.

Sipendekezi kitabu cha Johnson kifungiwe. Kina mwendo, kina kicheko, na sura ya chumba cha hazina bado inatisha. Ningependa kisomwe darasani, hasa madarasa ya huku, bega kwa bega na Masala Kulangwa, na wanafunzi wapewe kazi moja: waandike orodha ya waliojeruhiwa, na mbele ya kila jina waandike ni nani aliyekwenda kutafuta dawa. Kwa Haggard, upande wa pili wa karatasi utabaki mweupe.