Yeriko Katika Jina la Mmea

Jina la kibotania huheshimiwa kana kwamba ni maelezo kamili ya mmea. Anastatica hierochuntica, jina lililochapishwa na Linnaeus mwaka 1753, lapinga dhana hiyo. Sehemu ya kwanza yatokana na neno la Kiyunani anastasis, yaani ufufuo. Ya pili ni jina la Yeriko lililovishwa kiambishi tamati cha Kilatini. Lakini mmea huo mkavu hukunjuka utiwapo maji hata kama umekwisha kufa: matawi hunywa maji, hayafufuki. Wala makao yake si Yeriko tu, bali majangwa ya kuanzia Sahara hadi Arabuni. Waarabu huuita kaff Maryam, kiganja cha Maryamu. Jina hilo angalau limelitazama umbo lake.

Mtaa wa Jericho, Nairobi, nao una jina la mji wa mbali, tena kwa tahajia ya Kiingereza, ingawa Biblia ya Kiswahili ina Yeriko. Hakuna alidhaniaye kuwa maelezo ya mtaa. Basi asili ya Kiyunani na Kilatini ifundishwe kama historia ya jina, si fasili ya mmea. Na waundao istilahi za Kiswahili wasione haya kuanzia kwenye umbo lionekanalo.