Zima Msaidizi, Uone Mambo!

Jamani, jamani, jamani! Mikono bado inatetemeka, masikio bado yanavuma, na sitatulia mpaka nimsimulie mtu, na huyo mtu ni wewe. Nimetoka sasa hivi kwenye Elite Dangerous, lile gemu la vita vya angani la Frontier Developments ya Cambridge, na humo ndani kuna kitufe kimoja, kimoja tu, kinachopindua kila kitu. Kinamzima msaidizi wa urukaji. Ukikibonyeza, kompyuta ya chombo inakutangazia kwa sauti tulivu kabisa kwamba msaidizi amezimwa, na kuanzia hapo, ndugu yangu, utulivu kwaheri!

Sikiliza. Msaidizi akiwa kazini chombo kinakwenda kwa adabu zote, kama ndege: pua ikigeukia kulia, nacho kinafuata kulia; ukipunguza moto, kinapunguza mwendo; ukiachia kijiti, kinatulia tuli. Tamu, laini, rahisi. Lakini huko juu hakuna hewa ya kukizuia! Kinachokituliza ni vijiinjini vidogo vidogo vilivyotapakaa mwilini mwake, vinavyopuliza juu, chini, kushoto, kulia, muda wote, bila wewe kuvigusa. Msaidizi ndiye anayevipulizisha. Sasa mwondoe kazini uone! Chombo kinateleza. Kinateleza, kinateleza, wala hakikusikii! Pua umeshaigeuza kushoto, mwili unazidi kwenda kulekule ulikokuwa unakwenda. Kijiti umekiachia, nacho kinaendelea kujibiringisha mpaka wewe mwenyewe ukisukume upande wa pili. Pua ina lake, mwendo una lake. Tumbo linapanda kooni, wallahi, na umekaa zako kwenye kiti!

Subiri, hatujafika vitani. Uko ndani ya pete za sayari, wanakochimba wachimba madini na wanakovizia maharamia. Mabonge ya barafu yanaelea kila upande, makubwa, mazito, yanang'aa upande wa jua, meusi tii upande wa pili, na haramia amekukalia mgongoni anakumiminia leza. Na msaidizi ungekata kona, naye akate kona, mzungukane mpaka basi. Bila msaidizi je? Unafyatua nguvu ya ziada ya injini, chombo kinaruka mbele kwa ngurumo ya kutikisa mbavu, unamzima msaidizi na kuinua pua, juu, juu zaidi, nyota zinamiminika mbele ya kioo, mabarafu yanapinduka miguu juu, na ghafla huyu hapa! Haramia uso kwa uso! Na wewe hujapunguza hata chembe, bado unakwenda kasi ileile, kinyumenyume, huku unampiga usoni! Kinyumenyume! Kila akikufukuza anazidi kuufuata moto wako. Ngao zake zinameremeta, zinapasuka, naye anaanza kuyumbayumba, na bado!

Bado, kwa sababu kuna ubavu. Vijiinjini vya pembeni vinakuruhusu kulizunguka bonge la barafu kiubavubavu, pua imemkazia adui tu, haibanduki, jiwe linapita karibu na kioo chako kiasi kwamba unajikuta umeinamisha kichwa. Wee! Hapo ndipo nilipoinuka kitini na kupiga ukelele.

Halafu kuna ile sehemu ya buluu. Kwenye kipimo cha mwendo wamepaka buluu katikati, na mwendo ukiwa hapo chombo kinageuka vizuri kuliko kikienda mbio au kikijikokota. Fizikia ya anga haidai jambo hilo hata kidogo, ni uamuzi wa waundaji, na wapo wanaonung'unika. Mimi nawapigia makofi mpaka viganja vichomeke! Kwa sababu hiyo mkono wa kushoto haupumziki: panda, shuka, panda, buluu, buluu, usitoke kwenye buluu! Na mwendo wenyewe wameuwekea ukomo hata msaidizi akizimwa, ili adui abaki machoni mwako.

Walijua wanachofanya. Elite ya kwanza, ya David Braben na Ian Bell mwaka 1984, ilikwenda kindegendege. Mwaka 1993 ikaja Frontier: Elite II, sheria za Newton zikaachiwa zitawale zenyewe, na vita vikawa vya kupishana: adui anakuja, vuu, ameshapita, mtafute tena! Mwaka 2014 wakaleta Dangerous, na yote mawili yamo, mtu na kitufe chake. Huko nyuma kabisa, mwaka 1962 pale MIT, Steve Russell na wenzake walishatengeneza Spacewar!, na humo vyombo viliteleza hivihivi, nyota ya katikati ikivivuta. Ladha hii ni ya zamani sana, nami nimeionja leo, raha iliyoje!

Na umeme! Injini, ngao na silaha zinakula sahani moja. Ukiwa mbioni unaupeleka kwenye injini. Ukipigwa, upesi kwenye ngao. Ukimpata adui, mwingi kwenye silaha, vidole vinacheza hapo huku chombo chenyewe kinazunguka. Na joto! Unaweza kuyafunga matundu ya kutolea joto ili adui akupoteze, chombo kinachemka, ving'ora vinalia, cheche zinaruka, kisha unatupa nje kipozajoto na papo hapo barafu inatanda kwenye kioo, ukungu mweupe, mzuri, wa kutia ubaridi mgongoni. Kioo hichohicho kikivunjwa, lo! Ngurumo zote zinafifia, alama zote zilizokuwa zikiangazwa kwenye kioo zinapotea, unasikia pumzi zako tu na oksijeni inahesabu kurudi nyuma. Nani alifikiria jambo zuri namna hii?

Kwa hiyo fanya hivi, tafadhali, leo usiku. Vaa hedifoni. Chukua Sidewinder, kile chombo kidogo cha kuanzia, nenda mbali na kituo, mahali peupe pasipo na adui, umzime msaidizi. Usikimbilie kufyatua. Geuza pua taratibu, isimamishe, geuza tena, mpaka kidole kijifunze chenyewe kiasi cha kusukuma na kiasi cha kuzuia. Kisha ifuate pete, zunguka bonge moja la barafu bila kuligusa. Kisha haramia mmoja. Na ukirudi kituoni usimwashe msaidizi, ingia vivyo hivyo kwenye ule mlango mwembamba unaozunguka pamoja na kituo kizima, chombo kinateleza, mlango unazunguka, lichombo kubwa la mizigo linatoka mbele yako, na bado!