Juu ya Kumpima Mtoto wa Lugha Mbili

Watu wa pwani hawana upungufu wa majina ya kasoro za usemi. Asiyesema kabisa huitwa bubu. Akwamaye katika silabi ana kigugumizi. Asiyeweza kuitamka vema herufi s ana kitembe. Na yule ambaye ulimi wake umefungwa chini huambiwa ana udata. Majina haya yote ni ya kasoro zinazosikika au kuonekana upesi. Lakini iko kasoro nyingine isiyo na jina la kale: ni ya mtoto asikiaye vizuri, asiye na kizuizi cha ulimi wala upungufu wa akili, ambaye hata hivyo maneno hayamkai, wala namna ya kuyaunga haimtulii. Kwa kuwa haina jina, twaipa jina lisilo lake, na mtoto huitwa mzito, au mvivu, au mjinga.

Wala kasoro hii si ya nadra. Uchunguzi uliofanywa katika Surrey, nchini Uingereza, na kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba katika darasa la watoto 30, karibu wawili wanayo. Mwaka uliofuata wataalamu wa nchi zinazosema Kiingereza waliafikiana kuipa jina moja, ambalo kwa lugha yetu twaweza kulisema kasoro ya lugha katika makuzi. Basi hapana mwalimu wa miaka mingi asiyepata kumfundisha mtoto wa namna hii, ajapokuwa hakumtambua.

Shida inayotuhusu ni hii: watoto wengi wa shule zetu wana lugha mbili, ya nyumbani na ya darasani. Mtoto wa namna hiyo akikosa maneno, twajuaje kama ni kasoro, au kama ni ugeni wa lugha tu? Vipimo kadhaa vimekwisha kutolewa, nasi twataka kuvihakiki kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza ndicho kilichozoeleka kuliko vyote: kumpima mtoto kwa lugha ya shule peke yake. Kwa nini tusikikubali? Kwa sababu kimekwisha kuhukumiwa, na kushindwa, hata mbele ya mahakama. Katika California, watoto tisa wa jamii ya Kimeksiko walikuwa wametiwa katika madarasa ya watu walioitwa wenye akili pungufu, kwa kuwa walipimwa kwa Kiingereza, na lugha ya nyumbani kwao ni Kihispania. Walipopimwa tena kwa lugha yao, wengi wao walionekana hawakustahili kuwako huko. Shauri lao, lijulikanalo kwa jina la Diana, lilikwisha mwaka 1970 kwa mapatano kwamba watoto wapimwe kwa lugha ya kwao pia. Nasi huku hatuna haki ya kuwacheka Wamarekani. Mtoto wa Kikikuyu akisema kura mahali pa kula, hana ugonjwa; lugha ya mama yake haina l, basi amefuata njia aliyoizoea. Na mtoto wa Nairobi akisema kitabu yangu, huenda anasema kama baba yake na jirani zake wasemavyo. Kamil Ud Deen, aliyeandika kitabu mwaka 2005 juu ya jinsi watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba hata watu wazima wa mji huo mara nyingine huangusha kiambishi cha mtenda mwanzoni mwa kitenzi. Atakayewapima watoto hao kwa sarufi ya vitabu hatapima afya ya lugha yao. Atapima umbali wa nyumba yao na vitabu.

Lakini yatupasa kuogopa kosa la pili, ambalo ni ndugu wa la kwanza, na hujificha chini ya vazi la huruma. Ndilo kusema, Mwacheni, ana lugha mbili, zitajipanga zenyewe. Sisi wenyewe tuliyasema maneno hayo juu ya mtoto mmoja, tukayasema mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu mama yake alikuja, akatwambia kwa upole, "Mwalimu, hata kwa Kigiriama yuko hivyo hivyo. Mdogo wake amempita kwa maneno." Habari hiyo alikuwa nayo siku zote, wala hakuna aliyemwuliza. Katika neno lake moja mlikuwamo ukweli ambao mitihani yetu yote haikuufikia: kasoro ya kweli hukaa ndani ya mtoto mwenyewe, wala haikai katika lugha moja, kwa hiyo itaonekana katika lugha zake zote mbili. Ikiwa mtoto ni hodari kwa lugha ya nyumbani na dhaifu kwa ile ya shule, ni mgeni, naye ahitaji mafundisho na muda. Ikiwa ni dhaifu kwa zote mbili, hali amezisikia zote mbili vya kutosha, hapo ndipo pa kushuka moyo wetu na kutafuta msaada.

Kipimo cha tatu ni kuhesabu maneno. Barbara Pearson na wenzake, walipochungulia watoto wadogo wa Kihispania na Kiingereza katika mji wa Miami, mwaka 1993, walionyesha kwamba ukihesabu vitu ambavyo mtoto ana jina lake katika lugha yo yote ya hizo mbili, hayuko nyuma ya mtoto wa lugha moja. Katika Kilifi kazi ya jamaa hiyo ilifanywa na Katie Alcock na wenzake, waliotangaza mwaka 2015 orodha za maneno kwa Kigiriama na Kiswahili. Orodha za aina hii zilianzia Marekani, ambako mzazi hupewa karatasi ajisomee na kutia alama. Kule Kilifi wazazi wengi hawakujua kusoma, basi wakaulizwa kwa mdomo. Twaisifu kazi hii kwa moyo wote, kwa maana imemfanya mama asiyejua herufi kuwa shahidi wa kuaminika juu ya mwanawe.

Hata hivyo twaona mipaka yake. Orodha hizo ni za watoto wachanga na wale wa mwaka mmoja au miwili, na mwalimu humpokea mtoto akiwa wa miaka sita. Tena wengi wa watoto wanaochelewa kusema katika umri wa miaka miwili huwafikia wenzao baadaye, hata orodha fupi si hukumu. Na kwa lugha zetu zilizo jamaa moja, hesabu yenyewe yaleta mashaka. Mtoto wa Kigiriama asemaye madzi nyumbani na maji shuleni, je, ana maneno mawili au moja? Na asemapo nyumba, anasema lugha gani? Njia ya Miami, ya kuhesabu vitu badala ya maneno, ndiyo itufaayo zaidi hapa.

Kipimo cha nne ni kumpa mtoto maneno yasiyo na maana katika lugha yo yote, ayarudie. Wataalamu wa Ulaya, waliofanya kazi pamoja tangu 2009 hata 2013, walikitengeneza kwa ajili ya watoto wa lugha mbili, kwa kuwa hakimdai mtoto maneno aliyokwisha kujifunza. Wazo ni jema. Lakini mtoto wa Kibantu amezoea silabi zinazoishia kwa irabu. Ukimpa neno lililojaa konsonanti mwishoni, kama yalivyo ya Kiingereza, umekwisha kumpa mtego. Kipimo hiki chataka kufinyangwa upya kwa udongo wa huku.

Hilo latupeleka kwenye onyo la mwisho juu ya vipimo vyote: tusichukue ratiba ya watoto wa Kiingereza tukaifanya sheria ya watoto wetu. Katherine Demuth, katika uchunguzi wake wa watoto wa Lesotho, aliona kwamba hutumia vitenzi vya kutendwa kabla ya kutimia miaka mitatu, jambo ambalo watoto wa Kiingereza hulichelewa. Yaliyo magumu kule huenda ni mepesi huku, na kinyume chake.

Basi mwalimu asiye na mtaalamu karibu afanye nini? Kwanza ahakikishe masikio, kwa maana sikio linalotoka usaha mara kwa mara laweza kumnyima mtoto nusu ya maneno. Pili, awaulize wazazi, kwa lugha yao, mambo manne: alianza kusema lini, je, wadogo zake wamempita, je, hufahamu atumwapo vitu viwili kwa mara moja, je, watu wa nyumbani humwelewa? Tatu, amsimulie kisa kifupi kwa lugha ya nyumbani, au apate mtu wa kumsimulia, kisha amsikilize akikirudia. Nne, asiridhike na udata. Kukata ulimi huenda kukasaidia herufi chache, lakini hakuwezi kumfundisha mtoto kuunga maneno.

Tena asiwaambie wazazi waiache lugha yao. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, nao ni mbaya. Johanne Paradis na wenzake, nchini Kanada, mwaka 2003, waliwalinganisha watoto wenye kasoro hii waliokuwa na Kifaransa na Kiingereza pamoja, na wenye kasoro waliokuwa na lugha moja tu. Wale wa lugha mbili hawakuwa wabaya zaidi. Kumwondolea mtoto lugha ya mama yake hakumponyi; kwamwondolea tu mtu wa kuzungumza naye jioni.

Samaki mkunje angali mbichi, wasema wazee. Mtoto yule wa Kigiriama tulimpotezea miaka miwili kwa kutomwuliza mama yake swali moja. Tusimpotezee mwingine.