Ile sura tuliyoinakili wote



Kila mtu aliyemaliza masomo hapa Kolwezi, Likasi ao L'shi anaijua ile sura. Ni sura ya kwanza ya TFC, ao ya memwari: "Kujulisha mahali pa uchunguzi". Kwanza inakuja istoriki ya chuo, kisha mahali kilipo, kisha organigramu. Unaenda kuona mkubwa wa promosyo iliyotangulia, anakupa faili kwenye flashi, unanakili kurasa sita, unabadilisha mwaka, kazi imekwisha. Mimi ni wa kilimo, majaribio yangu niliyafanya katika bustani ya fakulte, na mimi pia nilinakili. Sitataja chuo nilikosomea. Sikuandika hata mstari mmoja wa ile sura, na bado jina langu liko juu yake.

Leo nataka kuihakiki ile sura sawa vile watu wanavyohakiki kitabu. Tunaidharau kwa sababu hakuna anayeisoma. Lakini ndiyo maandishi yaliyonakiliwa kupita yote katika vyuo vyetu, na ndiyo inayotufundisha chuo kikuu ni kitu gani.

Tuanze na istoriki. Inasimulia hivi: mwaka wa 1955 Wabelgiji waliunda Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, kikafungua milango Elisabethville mwaka wa 1956. Baada ya uhuru kikaitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo. Mwaka wa 1971 kikaingizwa katika UNAZA. Mwaka wa 1981 UNAZA ikavunjwa, tukapata UNILU. Kisha UNILU ikazaa matawi, yale tunayoita ekstansyo, na tawi la Kolwezi likapata uhuru wake, likawa Chuo Kikuu cha Kolwezi. Mwisho wa istoriki.

Hakuna uongo mle. Kasoro yake ni kwamba neno "kwa sababu" halimo hata mara moja. Kila kitu kinafanyika kwa dekre, na dekre inaanguka kutoka juu sawa mvua.

Tuingize "kwa sababu" sisi wenyewe. Kwa nini 1955? Mwaka mmoja mbele, Wakatoliki walikuwa wamefungua Lovanium kule Léopoldville. Ubelgiji wakati ule ilikuwa katika ugomvi mkubwa kati ya shule za mapadri na shule za serikali, na waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alikuwa mliberali aliyetaka shule zisizo za kanisa. Chuo cha Elisabethville kilitoka ndani ya ugomvi ule. Ni swali la Brussels lililojibiwa Katanga.

Kwa nini 1971? Tarehe 4 Juni 1969 askari walipiga risasi wanafunzi wa Lovanium barabarani Kinshasa. Mwaka wa 1971 kukawa tena na fujo, wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu, na mwezi wa Agosti vyuo vitatu vya nchi vikafanywa kimoja, na rekta mmoja, Kinshasa. Fakulte zikagawanywa: sheria ikabaki Kinshasa, lettre na sayansi za jamii zikaletwa Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani. Na sisi wa kilimo je? Kilimo kilipelekwa Yangambi, kule msituni kwenye mto Kongo, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wameweka kituo chao kikubwa cha utafiti, INEAC, tangu 1933.

Yangambi ni mahali pazuri pa kusoma kilimo cha msitu, sibishi. Lakini mgao ule ulipangwa ili kutawala wanafunzi kwanza, udongo ulikuja nyuma. Katanga ni nchi ya miombo, ya udongo mwekundu wenye asidi, ya mvua ya miezi sita hivi, na ya vilima vya shaba ambamo mimea mingine haioti kabisa. Nchi namna hii ikakaa muda mrefu bila shule yake kubwa ya kilimo. Istoriki inapita pale kwa mstari mmoja: "mwaka wa 1971, mageuzi". Msomaji anageuza ukurasa.

Sasa organigramu. Ni ule mchoro wa viboksi na mishale. Juu kuko baraza la chuo, chini yake komite ya usimamizi: rekta, sekretere mkuu wa masomo, sekretere mkuu wa utawala, administrateri wa bajeti. Chini zaidi ni mabaraza ya fakulte, kisha departema. Mpango huu unatoka katika sheria ya Oktoba 1981, na viongozi wale wanateuliwa kutoka Kinshasa. Angalia mishale yote inakwenda wapi: chini. Hakuna hata mmoja unaoingia kutoka pembeni. Kolwezi haimo katika mchoro. Hakuna boksi la mji, la wakulima, la watu wa Kasulo, ao la mashirika ya madini.

Mtu atasema huo ni mchoro tu. Sawa, tuangalie pesa. Kodi ya madini ya mwaka wa 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: 50% kwa serikali ya kati, 25% kwa provensi, 15% kwa mamlaka za mahali mgodi ulipo, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake, kila kampuni inatoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale. Ni sheria nzuri kuliko ile ya zamani. Lakini katika mafungu yale manne, hakuna lenye jina la chuo kikuu. Rekta anayetaka maabara anabaki kupiga hodi ofisi kwa ofisi. Chuo kilichosimama juu ya kobalti ya dunia nzima kinaishi kwa minervali ya wazazi wanaouza unga sokoni. Na ule unga wenyewe, mara nyingi umetoka Zambia, umepita Kasumbalesa.

Niwaambie kwa nini maneno haya yameniuma.

Mama yangu mudogo analima lengalenga na sombe kwenye bonde, chini ya mtaa wao. Juu ya bonde kuko barabara ya malori, na kiangazi majani yote yanakuwa mekundu kwa vumbi. Siku moja, mwaka jana, aliniita shambani. Akakata fungu moja, akanionyesha.

"Mwana, weye ulisoma mambo ya udongo. Ambia mie: hii lengalenga iko muzuri ya kula, ao ni ya kutupa?"

"Mama, shijue. Inaomba kupima."

"Pima basi."

"Shina na chombo."

Akaniangalia kidogo, bila hasira. "Sasa bile byote ulisoma, ulisoma nini?"

Sikupata jibu. Ningeweza kumwambia kwamba elimu ipo, na ni kweli ipo. Paul Duvigneaud na François Malaisse walichunguza mimea ya vilima vyetu vya shaba miaka na miaka. Kuko ua moja, Haumaniastrum katangense, linaloota pale kwenye shaba nyingi mpaka watafutaji madini walilifuata sawa alama. Mwaka wa 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na wenzake wa chuo kikuu cha Leuven, walitoa uchunguzi juu ya Kasulo, pale watu walipochimba kobalti ndani ya viwanja vyao. Wakaonyesha kwamba miili ya wakaaji, na zaidi ya watoto, ilibeba kobalti nyingi kuliko ya watu wa mtaa usiochimbwa. Kazi kubwa ile, nawavulia kofia. Lakini ilitoka Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka hapa, na Ubelgiji. Mama mudogo anataka jibu la bonde lake, na analitaka kwangu.

Kuna mwenzetu mmoja wa chama aliyekuwa akitafuta bursi ya kwenda Japani. Aliniomba nimsaidie kuandika barua, nami nikasoma istoriki ya chuo alichochagua, Chuo Kikuu cha Akita. Nilifikiri nitakuta ile ile sura yetu. Na kweli, nayo imejaa tarehe. Lakini tarehe zake zinashikana.

Akita ni mkoa wa kaskazini, wa theluji nyingi, na zamani ulikuwa na migodi ya shaba, sawa ule wa Kosaka. Mwaka wa 1910 kukaanzishwa kule shule ya juu ya madini. Mwaka wa 1949, Japani ikiwa bado chini ya jeshi la Marekani baada ya vita, iliamuliwa kila mkoa uwe na chuo kikuu cha taifa. Akita hawakuleta nakala ya chuo cha Tokyo. Walichukua ile shule ya madini pamoja na shule za walimu zilizokuwa pale, wakaziunganisha. Fakulte ya uganga ikafuata mwaka wa 1970. Migodi ya kule ilifungwa zamani, lakini swali la madini halikufungwa: mwaka wa 2014 walifungua fakulte nzima ya rasilimali za dunia, na kiwanda cha Kosaka leo kinatoa shaba na dhahabu katika vyombo vya umeme vilivyokufa. Labda na simu yako ya zamani.

Sitaki mtu aseme ninaabudu Wajapani. Dekre yao ya 1949 nayo ilitoka juu, tena na wageni wakiwa nyumbani. Na mwaka wa 2004 vyuo vya taifa vilipopewa uhuru wa kujisimamia, ruzuku ya serikali ilianza kupunguzwa kidogo kidogo, na maprofesa wanalalamika mpaka leo. Lakini katika mpango ule wa 2004 kuko kitu kimoja ambacho organigramu yetu haina: baraza la usimamizi la kila chuo, nusu ya wajumbe wake angalau, ni watu wa nje ya chuo. Mshale unaingia kutoka pembeni.

Kwa hiyo amri ya kutoka juu haitoshi kutuhurumia. Wote tuliipata. Tofauti ni kwamba wao walikusanya kilichokuwa mahali pale, sisi tulinakili kilichokuwa mahali pengine. Na Kolwezi haikuwa jangwa. Mji huu ulijengwa mwaka wa 1937 na Union Minière. Gécamines ilipokuja ilikuwa na shule zake za ufundi, hospitali, maabara, hata mashamba ya mahindi ya kulisha wafanyakazi. Ile ingekuwa mbegu. Tulipopanda chuo, tulikata kijiti cha L'shi tukakichomeka hapa. Nyinyi wa agro mnajua: muhogo unaota hivyo, lakini ugonjwa wa shina mama unakuja nao.

Nilipowasomea wakubwa wawili wa chama maneno haya, mmoja alinijibu: "Mudogo, shida ni franga tu. Tupe franga, utaona maabara." Nakubali nusu. Franga inahitajika. Lakini kuomba franga bila swali ni kuomba sadaka. Tukienda kwa provensi ao kwa kampuni na kusema "tunaomba maabara", watatupa kompyuta mbili na kupiga picha. Tukienda na karatasi yenye mabonde kumi ya Dilala na Manika, majina ya mboga zinazolimwa, na tunachotaka kupima katika kila moja, ile ni hesabu ya kazi. Sehemu ya pesa za jamii, ile 0.3%, inaweza kuingia pale bila kubadilisha sheria hata moja, kama jamii yenyewe inaidai.

Ndiyo maana narudi kwa ile sura. Nyinyi mnaoandika TFC ao memwari mwaka huu, naomba msiinakili. Si lazima iwe ndefu. Andikeni kurasa mbili zenu wenyewe: chuo hiki kilianzishwa kwa sababu gani, nani aliamua, na swali gani la mahali hapa kimekwisha kulijibu. Kama hakuna, andikeni hakuna. Na katika organigramu, chora lile boksi la pembeni hata kwa nukta nukta, ili jiri siku ya difansi aulize ni la nani.

Mimi nimeanza na deni langu. Udongo wa lile bonde uko kwangu katika sashe nane, na majani ya lengalenga yaliyokaushwa katika bahasha. Mwezi ujao nawapeleka L'shi, kwa basi, kwa pesa yangu, kwa mwenzetu mmoja anayefanya kazi katika maabara. Mwenye shamba lingine la kupimwa aniandikie kabla sijaondoka, nafasi ya sashe bado iko. Jibu likifika, Mama mudogo atakuwa wa kwanza kulijua. Nyinyi mtalisoma hapa.