Abiria wa Meli ya Clifford

Darasani kwetu insha ya W. K. Clifford ya mwaka 1877 hutumiwa kama rungu la kumpigia muumini. Mtu ana meli kuukuu anayotaka kupakia wahamiaji. Anajua imechoka, lakini matengenezo ni pesa. Basi anajituliza: mbona imevuka bahari mara nyingi, na Mungu hatawatupa watu hawa. Anaamini kwa moyo mweupe kabisa. Meli inazama, yeye anachukua fedha za bima. Hata ingefika salama, asema Clifford, hatia ingekuwa ileile. Kutoka hapo anaharamisha kila imani isiyo na ushahidi wa kutosha.

Hapo ndipo simfuati. Mwenye meli hakukosa ushahidi. Alikuwa nao, akaufukia.

William James alimjibu mwaka 1896, kwa mfano wa urafiki. Nikingoja uthibitisho kwamba unanipenda ndipo nikuamini, huenda urafiki wenyewe usizaliwe. Mfano mtamu, ila Mungu, kama yupo, hazaliwi na imani yangu. James ana hoja nyingine iliyo imara zaidi: yapo maswali ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua, na kungoja nako ni kuchagua. Hilo nalikubali. Mtu anayesali usiku akijua wazi kwamba hana hakika, simwoni mjinga.

Kinachonisumbua ni kwamba meli ya James ina abiria mmoja tu. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili ilipita 400, na watoto walikuwemo. Mzazi aweza kusema aliweka rehani maisha yake mwenyewe. Mtoto alichagua nini? Na mtoto anapolia njaa, kilio hicho si ushahidi?

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza muumini ana ushahidi gani, mimi ningemuuliza amempakia nani, na akiambiwa meli inavuja hufanya nini. Clifford alikuwa karibu sana na maswali haya, kisha akayapita mbio kwenda kwenye kanuni yake kubwa. Wahamiaji wake hawana majina. Katika insha nzima hakuna hata mmoja wao anayefungua mdomo.