Dume Hukaguliwa kwa Vidole

Makambako ni njia panda. Malori ya Mbeya, mabasi ya Songea na treni ya TAZARA vyote vinapita hapo, na mwenye ghala la mahindi au yadi ya mbao anataka mbwa wa kulinda usiku. Ndiyo maana watoto wa mbwa wananunuliwa mapema mno, wengine wakiwa na wiki nne tu. Anayetaka dume ndiye mwenye haraka kuliko wote.

Mama mmoja ninayemfahamu mjini hapo hana haraka. Nilifika kwake asubuhi ya Julai, baridi ya Njombe imeshika kisawasawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, kamwene," kisha akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa anapima uzito wa watoto wa mbwa.

Vifaa vyake ni mizani ya jikoni, beseni la plastiki na kauntabuku. Mbwa wake jike, German Shepherd, alikuwa na watoto saba wa siku tisa, kila mmoja amefungwa uzi wa sweta shingoni kwa kulegezwa, rangi yake peke yake. Dume wa uzi mwekundu alizaliwa na gramu 450; siku hiyo mizani ilisoma 880. Mtoto mwenye afya huongeza uzito wake mara mbili katika siku saba hadi kumi, kwa hiyo huyo alikuwa njiani. Wa njano alikuwa ameongeza gramu kumi tu tangu jana. Mama hakusema neno. Alimchukua akamweka kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, akakaa naye mpaka akashiba.

Wiki ya kwanza kinachoua ni baridi kabla ya njaa. Mtoto wa mbwa anazaliwa hajui hata kutetemeka, na akipoa, maziwa hayasagiki tumboni. Kwa seremala jirani maranda ni ya bure, basi anayatandaza makavu, juu yake blanketi kuukuu, na kona moja chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga. Kona moja tu, ili anayeona joto limezidi ajisogeze. Niliingiza mkono: lilikuwa joto la kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi.

Baada ya hapo mambo yanakwenda kwa kalenda. Macho hufunguka kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, meno ya utoto huanza kuchomoza wiki ya tatu, na dawa ya minyoo huanza wiki ya pili. Lakini kilichonifanya nimheshimu mama huyu ni alichowafanyia madume wawili wa uzao mwingine, waliotimiza wiki nane.

Kwanza alipasha mikono yake joto kwenye jiko la mkaa. Nilidhani ni baridi inamsumbua. "Mkono wa baridi unadanganya," akaniambia. "Akishtuka anazivuta juu, wewe unasema hana." Akampakata dume, akamtuliza, ndipo akapapasa taratibu kwa vidole viwili. Korodani mbili, kama punje za njegere. Wa pili alikuwa na moja. Akaandika tarehe, kwa sababu nyingine huchelewa. Isiposhuka mpaka miezi sita, karibu hakika haitashuka tena.

Mwaka uliotangulia alikuwa na dume wa namna hiyo. Kifua kipana, miguu imenyooka, na mwenye lori alishaleta fedha akimtaka awe wa kupandisha. Mama alikataa fedha. Mbwa mwenye korodani moja iliyoshuka huzalisha vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kasoro hiyo inarithiwa, na hata dada zake wanaweza kuibeba bila kuonekana. Iliyobaki tumboni nayo ni rahisi zaidi kuota uvimbe uzeeni. Daktari wa mifugo alimhasi, akatoa zote mbili, na leo analinda yadi ya mbao. Kwangu mimi, kukataa kule ndiyo kazi ya mfugaji.

Dume akianza kuinua mguu anapokojoa, kwenye miezi sita hadi kumi na miwili, watu humwona mtu mzima. Ncha za mifupa yake bado zinakua, na kwa mbwa wakubwa huendelea hivyo mpaka mwaka na zaidi. Mama hamruhusu kukimbizwa nyuma ya pikipiki, wala kupanda jike kabla ya miaka miwili. Mbwa wetu wa kienyeji wanastahili uangalizi huohuo.

Ukienda kununua dume, Makambako au Njombe mjini, msubiri atimize wiki nane. Omba kumwona mama yake. Uliza minyoo na chanjo, pasha mikono yako joto, umkague mwenyewe. Na akifikisha miezi mitatu, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa.